Aliyewapima Wagombea wa Amerika kwa Ubeti wa Pili

Habari ya kifo chake ilinikuta kwa kinyozi, upande mmoja wa kichwa umeshanyolewa na mwingine bado. Aliyeileta ni mwenyekiti wa chama chetu, chama cha Wakenya tunaoishi hapa Doha, kwa ujumbe wa sauti kwenye simu. Mwenyekiti wetu ni mtu wa sala. Hawezi kutoa taarifa yoyote, hata ya kuahirishwa kwa mkutano, bila kwanza kumshukuru Mungu kwa pumzi, kwa afya, kwa vibali vya kazi na kwa viyoyozi. Basi nilikaa kitini muda mrefu nikijua wazi kwamba kuna mtu amekufa, maana sauti ilikuwa ya msibani, lakini sijui ni nani. Kinyozi alisimama na mashine mkononi akinisubiri. Nilipofika kwenye amina ndipo nikaambiwa kwamba mzee wetu wa Al Rayyan, supavaiza wa walinzi, alianguka kazini kule Lusail asubuhi ile na hakuinuka tena.

Wasomaji wa safu hii mlishakutana naye, kwani ndiye yule jirani niliyezoea kumnukuu kila nilipoishiwa na hoja. Sikumtaja jina alipokuwa hai na sitaanza leo. Alikuwa mrefu, mnyoofu, na sare yake aliipiga pasi mpaka suruali ikakaribia kusimama yenyewe. Hakuwahi kumwandikia mlinzi mtoro kwamba alikuwa kazini, hata awe wa ukoo wake, na tabia hiyo ilimpatia maadui wengi na heshima nyingi zaidi. Kwao ni magharibi mwa Kenya, mahali ambapo mtu mzima huzikwa kando ya kaburi la baba yake, na si kwingineko. Jioni hiyo mke wake alinipigia simu. Hakulia. Aliniuliza jambo moja tu: "Shemeji, watamleta?" Alijua, kama tunavyojua sote, kwamba Doha kuna makaburi ya Wakristo, safi na yaliyopangwa vizuri, na kwamba wenzetu kadhaa wamelala humo kwa sababu makaratasi yao yalikawia. Mama wa marehemu, ambaye bado yu hai, alikuwa ameshaonyesha kwa fimbo mahali pa kuchimba. Nilimjibu kwamba ataletwa. Sikuwa na hakika hata kidogo.

Nitarudi kwenye safari hiyo ya mwisho, lakini kwanza tuizungumze Amerika, maana huwezi kumkumbuka mtu huyu ukaiacha Amerika nje. Hakuwahi kukanyaga huko, hakuwa na binamu huko, na hata ile bahati nasibu ya viza hakuwahi kuijaribu. Hata hivyo kila ulipofika msimu wa uchaguzi wa rais wa nchi ile, chumba alichoishi na wenzake kule Al Rayyan kiligeuka tume ya uchaguzi. Ijumaa ndiyo siku yetu ya mapumziko, na kwa sisi Wakristo wa huku ndiyo Jumapili yetu. Asubuhi tunapanda basi kwenda Mesaimeer kwenye makanisa, tunapanga foleni langoni mikoba ikikaguliwa, tunaimba, tunarudi, tunakula. Ukishakula chapati za marehemu hukuwa na ruhusa ya kuondoka. Televisheni iliwashwa, wagombea wa Amerika wakaletwa mbele ya kiti chake cha plastiki, na mtihani ukaanza.

Mtihani wenyewe ulikuwa hivi. Alisubiri mpaka mgombea aonyeshwe kanisani, na msimu wa kura mgombea wa Amerika huonekana kanisani mara nyingi kuliko padri. Hapo alizima sauti kabisa. Alisema sauti hudanganya, kwaya humficha mtu. Alivaa miwani, akasogeza kiti, akatazama midomo. Ubeti wa kwanza wa wimbo haukumhusu, kwani ubeti wa kwanza, alisema, hata mlevi anaujua. Alingoja wa pili. Mgombea ambaye midomo yake iliendelea kutembea kwa uhakika alikuwa amepita. Aliyeanza kutafuna hewa, au aliyeinama ghafla kana kwamba amedondosha kitu, alikuwa ameanguka, na hakuna sera ya afya wala ya uchumi iliyoweza kumwinua. "Huyo ni mwongo," alitangaza. "Anaimba kama mtu anameza ugali moto." Sisi wengine tuliitikia kwa vichwa, watu wazima, baadhi yetu wenye shahada, tukikubali kwamba majeshi na mabomu ya dunia yakabidhiwe kwa kigezo hicho.

Katika chumba kile aliishi pia dereva kutoka Mombasa, Muislamu, aliyekuwa rafiki yake wa karibu kuliko sisi sote wa kanisani. Waliitana Shehe na Pasta, ingawa hakuna kati yao aliyekuwa na cheo hicho. Siku moja Shehe alirudi kutoka msikitini akakuta mtihani umepamba moto, uvumilivu ukamwishia.

"Pasta, hebu nambie. Yuaja mtu kama mimi pale, Muislamu, ataka urais wa Amerika. Wampa kura au humpi?"

Marehemu alifikiri kwa haki kabla ya kujibu. "Wewe Shehe uko na funguo ya kabati yangu. Dawa yangu ya presha ni wewe hunikumbusha. Bibi yangu akinikosa kwa simu anapigia wewe."

"Hayo nayajua. Mimi nimekuuliza kura."

"Kura hapana."

"Kwani?"

"Sasa Shehe, kabati ni kabati. Amerika ni Amerika."

"Haya. Na yule asokuwa na dini kabisa?"

"Huyo hata kabati siwezi mpatia. Mtu haogopi Mungu, siku ya kuapishwa ataapa kwa nani? Kwa kamera?"

Shehe alicheka mpaka akakaa chini. "Mchagua jembe si mkulima, ndugu yangu. Na wewe jembe si lako, shamba si lako, na mvua yenyewe hainyeshi kwenu!"

Mgombea wake wa kwanza ninayemkumbuka alikuwa mtu wa machozi ya karibu. Alisema hakutaka kugombea, ila Mungu mwenyewe ndiye aliyemtuma, na marehemu akamwamini neno kwa neno. Akamfungia saumu. Fikirini hali hiyo: mlinzi wa Kikenya, kwenye lango la jengo lisilokwisha kule Lusail, katika joto la kuunguza nyayo, ameshinda na njaa ili mtu asiyemjua apate nyumba ya bure upande wa pili wa dunia. Kabla kura hazijapigwa mgombea alijitoa. Akasema anakwenda kushughulikia mambo ya familia, na magazeti yakaeleza ni familia ngapi. Marehemu hakutetereka. "Shetani hupiga vita watu wa Mungu," alisema, na wiki iliyofuata imani yake ilihamia kwa mgombea mwingine ambaye, kwa bahati njema, alikuwa ndiyo kwanza amegundua sala.

Nilimcheka sana wakati ule na sioni sababu ya kuacha leo, lakini nikiri kwamba kichekesho hakikuwa chake peke yake. Huko Amerika, nchi inayojisifu kwamba imetenganisha dini na serikali, mgombea anaweza kusamehewa karibu kila kitu. Atasamehewa kutojua bei ya mkate. Atasamehewa kupeleka vitani watoto wa wenzake. Lakini akisimama akasema tu kwamba hajui kama Mungu yupo, basi hatafuti kura tena, anatafuta usafiri wa kurudi kwao. Sisi nasi tusijifanye wakosoaji. Kwetu Jumapili mchungaji humwachia mwanasiasa mimbari, yeye akaenda kukaa kwenye kiti cha wageni. Nadhani tunapenda kumwuliza mtu wa siasa habari za Mungu kwa sababu jibu lake haliwezi kukaguliwa. Ukimwuliza habari za barabara, barabara ipo, utaipita kesho na kuona mashimo. Mungu ndiye shahidi pekee ambaye kila mgombea humtaja akiwa na hakika kwamba hataitwa kizimbani kabla ya siku ya kura.

Yote haya yangebaki mzaha wa Ijumaa kama chama chetu nacho kisingefika kwenye uchaguzi wake. Chama chetu kina kazi nyingi kwenye katiba na kazi moja kwenye maisha. Mmoja wetu akifa, mwenyekiti ndiye anayepaswa kuzunguka hospitali, polisi, ubalozini na kwa mwajiri mpaka maiti ipate ruhusa ya kusafiri. Wagombea walikuwa wawili. Mmoja ndiye mwenyekiti wa sasa, mtu wa kompyuta, shati jeupe, sauti nzito inayotoka tumboni. Akiomba, hata bilauri mezani unaziona zimetulia kumsikiliza. Wa pili alikuwa muuguzi, mwanamke wa Nairobi, mkavu wa maneno, anayekuja vikaoni amechelewa na kuondoka mapema, na ambaye mpaka leo hajawahi kunisalimia kwa zaidi ya neno moja. Msimamizi wa uchaguzi, kwa heshima ya umri wake na uaminifu wake, alikuwa marehemu. Tulikutana chumbani mle mle Al Rayyan, kila mtu na chakula chake, na mnaweza kukisia mtihani alioutumia.

Mwanamume aliimba ubeti wa pili, wa tatu, na mwingine ambao sijawahi kuuona kwenye kitabu. Ikawa zamu ya muuguzi, naye akasema wimbo huo haujui.

"Dada, wewe unaabudu wapi?" marehemu aliuliza kwa upole.

"Siabudu."

"Yaani hujapata kanisa? Pale Mesaimeer kuna ibada ya Kiswahili, tunaweza kukupeleka."

"Hapana, mzee. Kanisa nimeliona, ni zuri. Mimi sina dini."

Kuna mtu aliyerudisha chapati kwenye sahani. Marehemu alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Alikuwa ameumia kweli, si kwa hasira bali kwa hofu, kama mtu aliyemwona mtoto akicheza juu ya paa.

"Sasa dada, hii kazi ni ya kushika maiti zetu. Mtu haogopi Mungu, tutamwamini aje? Utaapa kwa nani?"

"Siapi kwa mtu. Nitapiga simu mpaka wachoke na mimi. Hospitali nazijua, naelewa makaratasi yao, najua ni nani hukaa ofisi gani. Mnataka nini ingine?"

Halikuwapo jibu bora zaidi siku hiyo, na ndilo lililommaliza. Alipata kura za Waislamu waliokuwemo, na ya mama mmoja aliyekuwa anasinzia akainua mkono kimakosa. Mwenyekiti mpya akafungua kipindi chake cha uongozi kwa sala iliyowatoa watu machozi. Muuguzi akachukua sufuria yake ya pilau, ambayo ilikuwa bado nusu, akaifunika, akaenda nayo.

Nisieleweke vibaya. Marehemu hakuwa mbaguzi mwenye roho ngumu, na wanaotaka kumsema hivyo hawakumjua. Yeye mwenyewe alikuwa mwaminifu kwa sababu alimwogopa Mungu, kweli kweli, hata pale ambapo hapakuwa na mtu wa kumwona. Akadhani basi kila anayefumba macho kama yeye atatenda kama yeye. Hilo ni kosa la watu waaminifu. Walaghai hawalifanyi kamwe, wao wanajua fika jinsi ilivyo rahisi kufumba macho.

Sasa turudi kwenye ile safari ya mwisho, iliyokwama hospitalini. Mwenyekiti alijituma, siwezi kumsingizia. Aliunda kikundi cha maombi kwenye simu, kisha akaunda cha pili kwa wale waliochoshwa na kelele za kile cha kwanza. Aliteua kamati ya nyimbo na kamati ya chai. Kila jioni tulikusanyika tukaimba vizuri sana, na marehemu akaendelea kulala kwenye jokofu. Kampuni iliyomwajiri ilikuwa imemkodisha kwa kampuni nyingine, na kila moja ilishikilia kwamba barua ya kumruhusu aende iandikwe na mwenzake. Mimi nilikwenda kwenye ofisi moja nikaelekezwa kwenye nyingine, na huko nikarudishwa kwenye ile ya kwanza. Nilipomwuliza mwenyekiti yeye amefika ofisi gani, aliniambia tumngojee Bwana afungue milango. Milango ya ofisi za Doha, wasomaji wangu, hufunguliwa na mlinzi kila asubuhi, na mara nyingi mlinzi mwenyewe ni Mkenya.

Mke wa marehemu alipiga tena. "Shemeji, watu wa matanga wameanza kurudi kwao. Mama amekataa kula. Nimwambie nini?" Nilimwambia awe mvumilivu, neno ambalo watu wasio na la kusema hulipenda sana. Nilipokata simu nilijichukia. Nilianza kuyafikiria yale makaburi safi yaliyopangwa vizuri, na nikajua kwamba si mimi peke yangu ninayeyafikiria, ila hakuna aliyethubutu kulisema kwenye maombi.

Aliyetuokoa ni Shehe, ambaye hakuwa kwenye kamati yoyote. Hakumwuliza mtu. Alimpigia simu muuguzi, naye akaja moja kwa moja kutoka zamu, na sare yake mwilini, akachukua nakala za makaratasi yote. Wakaenda kuwatafuta mandubu wa kampuni zile mbili. Kwa msiojua maisha ya huku, mandubu ni mtu wa kampuni anayezungusha makaratasi yake serikalini; ukimkosa yeye umeikosa kampuni nzima. Kila mandubu alisema yule mwenzake ndiye tatizo. Shehe, kwa Kiarabu chake cha barabarani, akawaambia ni aibu mabwana wakubwa kama wao kutembea juani, akawaomba wapande gari lake lenye kiyoyozi. Walipoingia alifunga milango. Muuguzi akakaa katikati yao, bahasha magotini, akasema hashuki mtu mpaka ijulikane nani anaandika. Shehe akawa anatafsiri huku akizunguka mtaa uleule. Nimesikia kwamba walianza kwa kufoka, na mwishowe mmoja akaomba kalamu. Barua ilipigwa muhuri siku hiyohiyo, na yaliyobaki, ya polisi na ya ubalozi, muuguzi aliyafuata mwenyewe kati ya zamu na zamu.

Siku ya kumsindikiza tulikusanyika kwenye jengo la mizigo la uwanja wa ndege. Mwenyekiti aliomba, na lazima niwe mkweli, aliomba vizuri kuliko siku zote. Alimwita marehemu jemadari, akamshukuru Mungu kwa kufungua milango iliyofungwa na wanadamu. Shehe alikuwa amesimama hatua chache nyuma yake, ameinamisha kichwa kwa adabu. Watu walilia. Wapakizi wa mizigo walisubiri kwa heshima, kisha wakasubiri bila heshima, mmoja akaanza kutazama saa. Muuguzi alikaa mbali na duara letu, karibu na ukuta, na ndiye pekee ambaye macho yake yalikuwa kwenye sanduku muda wote. Nilimwendea. Nilimwambia ukweli, kwamba sikuelewa kwa nini amejisumbua hivi kwa mtu aliyemwaibisha mbele ya watu.

"Nilipofika Doha mara ya kwanza hakuna mtu alinipokea," alisema. "Ejenti alinidanganya. Simu haishiki, niko hapo nje ya uwanja wa ndege nalia kama mtoto. Huyu mzee alikuwa amekuja kuchukua watu wa kanisa yao. Akaniona, akabeba mizigo yangu, akaniweka kwa basi pamoja nao, akanitafutia mahali pa kulala kwa akina mama fulani. Kesho yake akarudi kuuliza kama nimekula. Hakuniuliza mimi ni wa dini gani."

"Na siku ya uchaguzi?"

"Hapo ndipo aliuliza. Nilishangaa sana. Nilidhani hiyo kitu aliimaliza siku ile alinibebea mizigo."

Alizikwa kwao kando ya baba yake, na mama yake alimwona uso kabla hajafunikwa. Mke wake alinipigia kunishukuru. Nikamwambia ni akina nani wa kushukuriwa, akaniomba namba zao wote wawili.

Nimelifikiria jibu la yule muuguzi kuliko mahubiri yote niliyoyasikia Mesaimeer mwaka huu. Mtu alikuwa mmoja, imani ilikuwa ileile. Alipomkuta mgeni analia hakuuliza dini yake. Alipotakiwa kumpa madaraka hakuuliza kitu kingine chochote. Ndivyo tulivyo wapiga kura wa duniani kote, wa huko Amerika na wa chumba cha Al Rayyan. Chama chetu kitachagua tena mwakani. Mwenyekiti ameshatangaza kwamba atagombea, na wengi watampa, kwa sababu ile sala yake ya uwanja wa ndege haikuacha jicho kavu. Muuguzi amesema hana muda wa kuimba. Mimi nitakwenda na nitapiga kura yangu, na kwa sababu mimi ni mtu wa kanisa nitawaambia wenzangu wa kanisa jambo moja kabla hatujafumba macho. Mungu hayumo kwenye karatasi ya kura. Aliyemo ni mtu.